Camry Iliyopigwa Nyuma

Itidal hakuwa mwanamke wa kuomba ruhusa mara mbili. Akishakata shauri, kwake jambo limekwisha, wengine kazi yao ni kuzoea. Ndivyo alivyoolewa na Ghassan, mkaanga mbegu wa sokoni Ramtha, wakati kaka zake walishamchagulia afisa wa forodha. Ndivyo alivyokuwa mwalimu wa michezo katika mji ambamo mwanamke akikimbia watu huuliza nani kafa. Na ndivyo, Alhamisi ile mchana, alivyoipindua sufuria ya maqluba, wali wa nyama na mbilingani, juu ya sinia, akaipigapiga matako mpaka wali ukashuka wote, kisha akasema:

"Jumamosi tunakwenda Zarqa. Nanunua gari la hati ya ajali."

Ghassan aliacha kijiko hewani. "La nini?"

"La hati ya ajali. Kutoka Marekani. Lile ambalo bima yao imeshaliandika limekufa."

"Sasa sisi tunanunua maiti?"

"Wao kule wakikwaruzwa mlango wanalia. Kufa kwao si kufa kwetu. Kula, wali unapoa."

Sababu ilikuwepo, wala si ndogo. Itidal na walimu wenzake watatu walifundisha katika shule ya wasichana ng'ambo ya Mafraq, kule nyumba zinakokwisha na jangwa linakoanza. Kwa miaka walibebwa na mzee mmoja mwenye basi dogo, mpaka macho yake yalipoanza kuona lori moja kama malori mawili, wanawe wakamnyang'anya funguo. Tangu hapo ilikuwa ni kudandia basi hili, kushuka, kungoja jingine, halafu kutembea kwenye vumbi na mabegi ya madaftari. Wakifika, wimbo wa taifa umeshaimbwa na mwalimu mkuu amesimama langoni na uso mkavu kama kiangazi. Gari safi lisilo na historia hawakuliweza. Gari la hati ya ajali Itidal aliliweza, kwa akiba yake mwenyewe na bangili alizopewa na mama yake.

Na magari aliyajua. Baba yake alikuwa mmoja wa wale madereva wa Ramtha waliovuka mpaka kwenda Damascus na kurudi kila siku, ambao mji mzima uliwaita mabaharia ingawa maji ya karibu ni ya matangi ya darini. Alimfundisha bintiye kuendesha kabla hajamfundisha kufunga ushungi. Sasa baba alikuwa kaburini, mpaka umefungwa kwa sababu ya vita, na mabaharia waliobaki walikuwa wakicheza karata mbele ya duka la Ghassan na kulaumu serikali zote.

Asubuhi ya Alhamisi hiyohiyo Itidal, au Mama Yaman kama walivyomwita kwa jina la mwanawe, alikuwa amewaeleza wenzake kwenye chumba cha walimu. Hakuficha neno. Nuha, mwalimu wa Kiingereza, alikuwa wa kwanza kuruka.

"Mimi siingii kwenye jeneza lenye magurudumu, Mama Yaman. Nisamehe. Nina watoto wadogo."

"Sijakuambia uingie leo. Nimekuambia nanunua."

Rihab, mdogo wao, aliyekuwa hajamaliza hata mwaka wa kwanza wa kazi, alimtazama huyu, akamtazama yule, akaamua kunywa chai yake.

Samiha alikuwa mwalimu wa kemia, mjane, na wote pale walijua habari yake, ndiyo maana hakuna aliyemgeukia. Mume wake alifia kwenye barabara ya jangwani ndani ya gari aliloliosha kila Ijumaa kama farasi. Liligongana na lori, wala si kwa kishindo kikubwa, likakatika katikati kama mkate. Kumbe lilikuwa nusu mbili za magari mawili, mafundi wameziunganisha, wamezipaka rangi, wamezitandikia kapeti. Samiha aliliona uwanjani kwa polisi. Aliona mshono wenyewe.

Kengele ilipolia, alikusanya vitabu vyake, akasimama mbele ya Itidal.

"Jumamosi saa ngapi?"

"Samiha, si lazima."

"Nimekuuliza saa ngapi."

Basi Jumamosi wakaenda watatu, Ghassan na mfuko wake wa mbegu za tikiti, kwani bila kutafuna kitu alikuwa hawezi kufikiri. Uwanja wa magari wa Zarqa uko wazi kwa upepo, safu juu ya safu ya magari hadi macho yanachoka, mengine yanang'aa kama siku ya harusi, mengine yamekunjwa kama karatasi ya kufungia falafeli. Rafiki wa Ghassan aliwaelekeza kwa mfanyabiashara mmoja aitwaye Baba Nayef, mtu mnene mwenye sauti nyororo, simu mbili mkono mmoja na tasbihi mkono mwingine.

"Karibuni, karibuni, mmekuja na baraka. Hajati, chagua. Yote yako."

"Bado sijahiji," alisema Itidal, "na hakuna langu hapa mpaka nilipe. Tuonyeshe Camry."

Baba Nayef akawapeleka moja kwa moja kwenye Camry nyeupe iliyokuwa mbele ya ofisi yake. Ilikuwa nzuri, hilo hakuna wa kulipinga. Rangi yake ilikuwa kama maziwa, viti bado vimefunikwa nailoni. Hakuficha kwamba ina hati ya ajali. Aliitaja mwenyewe, tena kwa fahari, kama mtu anayemsifu mgonjwa aliyepona.

"Iligongwa kidogo, ikatengenezwa, imekwisha. Leo washa, ondoka."

Ghassan aliizunguka mara kadhaa. Mbegu zilikoma mdomoni. "Tazama, Mama Yaman. Unajiona uso!"

"Kioo cha kujionea uso ninacho nyumbani." Itidal aliinama, akachungulia chini ya matairi, akapitisha vidole kwenye ukingo wa boneti, akafungua na kufunga milango yote akisikiliza. Hakuna alichokipata. Kila mlango ulifunga kwa sauti ya mlango. Aliiwasha, injini ikanguruma taratibu. "Iligongwa wapi?"

"Mbele. Kidogo."

"Picha zake kabla haijatengenezwa?"

"Ah, picha." Baba Nayef alizitazama simu zake mbili kana kwamba zimemsaliti. "Zilikuwepo. Nimebadilisha simu, dada yangu. Lakini ipeleke kwa mkaguzi yeyote unayemtaka. Yeyote!"

"Umesikia?" alisema Ghassan. "Mkaguzi yeyote."

Hapo ndipo Samiha alipofungua mlango wa dereva, akapiga goti kwenye kokoto na joho lake jeusi, akaanza kuvuta ukingo wa kapeti chini ya kiti.

"La, la, la, mama, taratibu!" Baba Nayef aliruka. "Hiyo imegundishwa. Ukiivuta utaniharibia, haitarudi tena kama ilivyokuwa."

"Nataka kuona chuma cha chini. Hapa katikati tu."

"Gari haliangaliwi hivyo. Nani anaangalia gari hivyo?"

Samiha alibaki amepiga goti. Hakupandisha sauti. "Gari la marehemu mume wangu nalo lilikuwa na kapeti nzuri."

Upepo ulivuma, karatasi za nailoni kwenye viti zikapiga kelele. Tasbihi ya Baba Nayef ilisimama. "Mungu amrehemu," alisema, na alionekana kusema kwa moyo. Itidal alimtazama usoni, akangoja. Mtu huyu hakuwa amenaswa kwa uongo hata mara moja tangu wafike. Lakini kapeti hakuifungua.

"Ahsante," alisema Itidal. "Hii hapana."

"Mama Yaman!" Ghassan alimvuta kando. "Huenda haina kitu. Huenda ni kapeti tu."

"Huenda. Na huenda ni mbuzi kwenye gunia. Mimi sitakaa mwaka mzima nikiendesha huku najiuliza. Kama ina jeraha, nataka nilione jeraha lenyewe."

Akageuka kwa Baba Nayef. "Yasiyotengenezwa yako wapi?"

"Yasiyotengenezwa?" Yule bwana alicheka. "Hayo ni ya mafundi, dada. Utalia."

"Nitalia nikishaona."

Yalikuwa nyuma kabisa, karibu na ukuta, vumbi limeyafunika hata rangi hazijulikani. Camry ya kijivu ilikuwa ya tatu kutoka pembeni. Ilikuwa imepigwa kona ya nyuma, upande wa kulia. Buti limeinuka kama mdomo wa ngamia, taa imepasuka, mlango wa nyuma wa kulia haufunguki. Kwenye kioo cha mbele walikuwa wameandika namba za mnada kwa rangi ya njano, na ndani kulikuwa na mchanga mweupe wa ufukweni ambao haukuwa wa Zarqa wala wa jangwa lolote. Ghassan aliitazama, akasahau hata kutema ganda.

"Hii? Itidal, mche Mungu. Nitawaambia nini watu dukani? Ghassan kanunua chuma chakavu?"

"Waambie ni la mke wako."

"Hapo ndipo watakapocheka zaidi."

Lakini Itidal alikuwa ameshaingia. Maputo ya usalama yalikuwa mahali pake, hata moja halikufumuka. Vioo vyote vya mbele vilikuwa vizima. Mafundi wa uwanja waliipa betri umeme wa gari jingine, akageuza ufunguo, injini ikakohoa mara moja, kisha ikatulia. Alikanyaga breki, akaachia, akakanyaga tena. Milango mitatu ilifunguka na kufungwa bila kulazimishwa. Boneti ilikaa sawa kwenye kingo zake.

"Kapeti?" aliuliza Samiha.

Baba Nayef alinyanyua mikono yote miwili. "Kapeti, viti, paa, fungua hata roho yake. Hii sina cha kukuzuia."

Samiha akafungua. Alivua pete yake, akaitia mfukoni, akakunja mikono ya joho, akang'oa kapeti mbele, katikati, na kwenye buti alikoinama mpaka ikabaki miguu tu nje. Ghassan aligeuka upande mwingine kwa heshima, akatafuna mbegu kwa kasi. Muda ulipita. Alipotoka, vumbi lilikuwa limemjaa hadi kope.

"Sakafu imekunjamana nyuma ya gurudumu," alisema. "Kuanzia hapo kwenda nyuma imeumia, na imeumia vibaya. Lakini katikati ni bati moja, rangi yake ya kiwandani. Hakuna mshono." Alijifuta uso kwa ukingo wa shela. "Ni gari moja, Itidal."

Itidal alibaki kwenye kiti cha dereva, mikono juu ya usukani. Neno la Nuha lilimrudia, lile la jeneza. Kuendesha peke yake ni jambo moja. Kuwapakia wake za watu na mama za watoto kila asubuhi, kwenye barabara ile ya malori na ukungu, ni jambo jingine. Akikosea, hataweza kusema hakujua. Alijua pia kwamba gari hili hataliuza kwa faida kamwe, maana hati yake itakwenda nalo popote. Akayapima yote hayo. Kisha akajiuliza swali moja alilokuwa akiulizwa na baba yake kila aliposhika usukani: unajua nini, na nini unakisia? Kuhusu nyeupe, kila kitu alikuwa anakisia. Kuhusu hii, alijua.

Akashuka.

"Baba Nayef, njoo tugombane bei."

Wakagombana. Baba Nayef aliapa kwa watoto wake, Itidal akamwambia awaache watoto wapumzike. Alilikataa kabisa lile wazo la kwamba bei ya gari lisilo na buti inaweza kukaribia bei ya gari lenye buti. Mwishowe yule bwana alimgeukia Ghassan kama mtu anayetafuta msaada kwa mwanamume mwenzake.

"Shemeji, sema neno."

"Mimi ni mkaanga mbegu," alisema Ghassan, akamnyoshea mfuko. "Chukua kidogo."

Kazi ya kulitengeneza walimpa Aslanbek, fundi wa bodi, Mchechnya wa hapohapo Zarqa, mtu mkimya, mwenye mikono kama koleo. Aliitazama kona ile, akafuta jasho, akasema njia nyepesi ni kuikata sehemu yote ya nyuma na kuchomelea nyingine kutoka gari jingine.

"Itatoka kama mpya. Hakuna atakayejua."

"Nitajua mimi," alisema Itidal. "Ivute. Ivute kwenye mashine mpaka irudi."

"Ikivutwa itabaki na mkunjo ndani. Mkaguzi ataandika pigo kwenye kona hiyo. Gari litashuka thamani."

"Na aandike. Mimi siuzi."

"Itachukua muda, mama."

"Una stuli?"

Fundi hakuelewa. "Stuli gani?"

"Ya kukalia. Nitakuja kuangalia."

Akaja kweli. Baada ya shule alipanda basi hadi Zarqa, akakaa pembeni ya gereji na rundo la madaftari ya mitihani, akisahihisha huku minyororo ya mashine ikikaza na chuma kikilia. Mwanzoni Aslanbek alinuna. Baadaye akawa anamwita mwenyewe aje apapase kabla hajakaza tena. Siku moja minyororo iliteleza, bati likarudi nyuma na kazi ya siku mbili ikapotea. Fundi alitukana kwa lugha yake, akamtazama Itidal kwa wasiwasi.

"Sijaelewa," alisema Itidal, "lakini nakubaliana na wewe."

Kazi ilikwenda pole kuliko walivyodhani. Mvua za kwanza zilinyesha. Ghassan naye akaanza kuja, eti kumsindikiza mkewe, lakini alianza kumuuliza fundi maswali ya buti na taa, na siku moja Itidal alimkuta anawaeleza mabaharia wa dukani tofauti ya kuvuta na kukata kana kwamba yeye ndiye aliyeivumbua. Rangi ya buti haikufanana sawasawa na ya mwili, ilikuwa nzito kidogo. Aslanbek alitaka kuirudia, Itidal akamwambia aiache hivyohivyo.

Kwenye ukaguzi waliandika kama fundi alivyosema: pembe tatu za chesisi nzuri, ya nyuma kulia pigo. Ghassan aliisoma karatasi mlangoni kwa sauti ya baba aliyeletewa matokeo ya mtoto.

"Tatu kati ya nne. Mwanetu Yaman hajawahi kutuletea hivi."

Jumapili, siku ya kwanza ya wiki ya shule, Itidal aliwapitia wenzake kulipopambazuka. Nuha alimtumia ujumbe mfupi kwamba anapanda basi, na asimkasirikie. Itidal hakukasirika. Rihab alikaa mbele. Samiha alipita mlango wa kushoto uliokuwa wazi, akazunguka gari lote, akaingia nyuma upande wa kulia, ule uliopigwa, akafunga mkanda.

"Kuna nafasi katikati," alisema Itidal, akimtazama kwenye kioo.

"Hapa pananitosha."

Baada ya Mafraq ukungu ulitanda. Itidal aliendesha taratibu, taa zimewashwa, mikono yote miwili kwenye usukani. Ndipo pikapu iliyopakia nyanya, ikienda mbele yao, iliposimama ghafla, bila taa, bila sababu. Rihab akapiga ukelele. Itidal alikanyaga breki kwa mguu wote. Camry ilinyooka kama mstari uliochorwa kwa rula, haikuyumba kulia wala kushoto, ikasimama. Makasha mawili ya nyanya yakateleza kutoka kwenye pikapu, yakamwagika juu ya boneti.

"Imesimama," alisema Samiha kutoka nyuma. Kisha akaanza kulia, kilio kikubwa cha mabega, hata Rihab akageuka na kumshika mkono. "Msinijali. Nimesema imesimama, basi."

Itidal alishuka. Dereva wa pikapu alikuja mbio akiapa kwamba mbele kulikuwa na kondoo, na kweli walikuwepo, kundi zima likivuka na mchungaji wao kama barabara ni ya babu yao.

"Taa zako za breki, bwana wee!" alimfokea. "Unataka kutuua kwa saladi?"

"Kosa langu, hajati, kosa langu. Chukueni nyanya. Chukueni kasha zima."

Wakachukua. Walifika shuleni kabla ya wimbo wa taifa, nyanya zikaoshwa, zikakatwa kwa kisu cha maabara cha Samiha, zikatiwa chumvi. Nuha alifika baada ya wote kuingia madarasani, viatu vimejaa tope, na wakati wa mapumziko akakuta sinia mezani. Rihab alimsimulia kila kitu, na kondoo akawazidisha.

Nuha aliitafuna nyanya yake polepole. "Sijasema napanda."

"Hakuna aliyekuuliza," alisema Itidal, akamsogezea chumvi.

Na kweli hakupanda. Majira yale yote ya baridi alidandia mabasi, na kiangazi akahamishiwa shule ya Irbid, karibu na kwao. Waliagana kwa kukumbatiana. Kila mmoja alikuwa na hesabu yake ya hofu, na Itidal hakuona sababu ya kumshinda mtu kwenye jambo hilo.

Lakini kabla ya hapo, alasiri moja ya mwezi wa tatu, vipindi vimekwisha na jua limelainika, Samiha alimfuata nje kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya shule. Alikuwa ameshavua koti la maabara. Alisimama kando ya mlango wa dereva, akanyosha mkono.

"Nipe funguo."

"Za nini?"

"Nifundishe. Tangu afe sijashika usukani, na kabla ya hapo alikuwa hapendi nishike. Mpaka lini nitakaa nyuma?"

Itidal alimpa funguo. Akazunguka, akaketi upande wa abiria ambako hakuwa amezoea, akavuta mkanda wake, akahakikisha wa mwenzake. Mbele yao uwanja ulikuwa wazi, hakuna kitu cha kugonga isipokuwa goli moja la mpira wa mikono lisilo na wavu.

"Mguu wa kulia kwenye breki. Vuta gia mpaka hapo. Umetulia?"

"Sijatulia."

"Vizuri. Sasa achia breki, pole pole. Gari litakwenda lenyewe."

Samiha akaachia, na Camry ya kijivu ikaanza kwenda.